Kamera Itazame Barabara, Si Uso wa Dereva

Machi 2021, madereva wanaosambaza vifurushi vya Amazon nchini Marekani walipewa fomu ya kusaini. Fomu iliwataka waridhie kamera iliyofungwa ndani ya gari ikusanye taarifa za miili yao, ikiwamo sura. Asiyesaini hakuwa na kazi. Wakati huo madereva hao walikuwa takriban 75,000 nchi nzima.

Naanza na fomu hiyo kwa sababu mjadala wa kamera kazini kwa kawaida huanzishwa kwa hoja ya usalama, na ukianzia hapo dereva ameshashindwa kabla hajafungua mdomo. Nani atasimama kupinga usalama?

Mtambo wenyewe unaitwa Driveri, umetengenezwa na kampuni ya Netradyne. Una kamera nne: moja inatazama mbele, mbili zinatazama pembeni, na ya nne inamtazama dereva. Hurekodi muda wote gari linapokuwa kazini. Hakuna mtu aliyeketi mahali akimfuatilia dereva dakika kwa dakika. Programu ya akili mnemba ndiyo inayoamua kipande gani cha video kipelekwe kwa wakubwa. Kufunga breki ghafla, kutovaa mkanda, kupita alama ya kusimama, kusinzia, kuinamia simu, yote huyatafuta yenyewe.

Kampuni ina hoja, na haifai kuibeza. Amazon ilisema kwamba katika majaribio yake ya mwaka 2020 ajali zilipungua kwa asilimia 48, na kuendesha bila mkanda kukapungua kwa asilimia 60. Hizo ni takwimu za kampuni yenyewe, lakini sina sababu ya kudhani kamera haisaidii kitu. Tena kamera ya mbele humkinga dereva. Akigongwa na mtu kisha akasingiziwa kosa, video ndiyo shahidi wake. Madereva wengi wangeidai wenyewe.

Kamera ya ndani, na programu inayotoa hukumu, ni habari nyingine kabisa. Septemba 2021 madereva walianza kuwaeleza waandishi wa chombo cha habari cha Vice yanayowapata. Dereva mmoja wa Los Angeles alisimulia jinsi gari jingine linavyomkatia mbele ghafla, jambo la kila siku kwenye barabara za jiji lile, na papo hapo sauti ya mashine inamwamuru aweke umbali salama. Kosa linaandikwa kwake. Wengine walisema kutupia jicho kioo cha pembeni kulihesabiwa kuwa ni kukosa umakini. Yeyote aliyewahi kuendesha gari kubwa kwenye foleni anajua kwamba kutazama kioo ndio umakini wenyewe. Dereva anafanya sawasawa alivyofundishwa, kisha anakatwa alama kwa kufanya hivyo, na alama hizo ndizo zinazoamua kama yeye na mkandarasi aliyemwajiri watapata bonasi.

Hapo kwenye mkandarasi pana jambo zito. Madereva hawa huvaa sare ya Amazon na huendesha magari yenye nembo ya Amazon, lakini kwa makaratasi wameajiriwa na kampuni ndogo ndogo zilizopewa zabuni. Wakidai haki, huambiwa mwajiri wao ni mwingine. Mimi naona anayeweka sheria za kamera na kupanga alama anazopewa dereva kutwa nzima hawezi kukana kwamba ndiye bosi wake. Agosti 2024, ofisi ya kanda ya bodi ya mahusiano ya kazi ya Marekani iliona kwamba Amazon ni mwajiri mwenza wa madereva wa Palmdale, California.

Kuna pia suala la utu. Mwezi ule ule wa Machi 2021, Amazon ilikana hadharani kwamba wafanyakazi wake hukojoa kwenye chupa. Siku chache baadaye ilimwomba radhi mbunge Mark Pocan na kukiri kwamba madereva hupata taabu ya kupata choo njiani. Sasa unganisha mambo mawili hayo: dereva asiye na pa kujisitiri isipokuwa ndani ya gari, na kamera ya ndani ambayo, kwa maelezo ya kampuni, anaweza kuizima tu injini ikiwa imezimwa. Mtambo huo unaweza kuona macho yakifumba kwa uchovu. Hauoni orodha ya vifurushi aliyokabidhiwa asubuhi, wala hauoni aliyepanga orodha hiyo bila kuweka muda wa choo. Chanzo cha haraka barabarani hakijawekewa kamera.

Wanaosema teknolojia haizuiliki watazame kampuni ya vifurushi ya UPS. Mwaka 2023 chama cha wafanyakazi cha Teamsters, kikiwasemea wafanyakazi wapatao 340,000, kilifunga mkataba mpya uliopiga marufuku kamera zinazomtazama dereva. Magari ya UPS hayajaacha kutembea. Na Ufaransa, mamlaka ya ulinzi wa taarifa, CNIL, iliitoza Amazon ya huko faini ya euro milioni 32 kwa kuwafuatilia wafanyakazi wa maghala kupita kiasi, hadi kuhesabu dakika ambazo kifaa cha mkononi hakikusoma mzigo.

Kwetu Afrika Mashariki hali haijafika huko kwa ukubwa huo, ila njia ni ile ile. Tanzania, mfumo wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, hufuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani, na mimi abiria naushukuru: unapima basi, hauchunguzi kope za dereva. Mpaka huo ndio wa kulinda. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019; Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Zote zinatambua kwamba mtu hapaswi kuhukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalogusa maisha yake. Mamlaka zinazosimamia sheria hizi zitoe mwongozo wa kamera kwenye vyombo vya kazi sasa, kabla mitambo haijafungwa na kugeuka mazoea. Na zitamke wazi kuwa saini inayotolewa kwa kuogopa kibarua kuota nyasi si ridhaa.

Wewe dereva wa lori, wa gari la vifurushi au wa bodaboda, ukiletewa fomu ya namna hiyo, usisaini ukiwa umesimama mlangoni. Uliza video zitatunzwa wapi na kwa muda gani, nani ataziona, kama utapewa nakala ukizihitaji, na mashine ikikuonea utakata rufaa kwa binadamu yupi. Sheria inakupa haki ya kuuliza.