Eti Ruangwa Hakuna cha Kufanya

Kila Simba au Yanga inapopangiwa kwenda kucheza na Namungo kwenye Uwanja wa Majaliwa, sentensi ileile hurudi mitandaoni na kwenye vyumba vya habari: "Ruangwa ukishaangalia mpira, hakuna cha kufanya." Husemwa kwa kujiamini kabisa, mara nyingi na mtu aliyefika saa saba mchana, akala chipsi nje ya geti, akapiga kelele dakika tisini, na saa mbili usiku akawa ameshapita Nanganga anarudi Dar. Kakaa mjini saa chache tu, tayari ana hukumu ya maisha.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nimekwenda kusini kwa kazi na nimekwenda kwa mpira, na ninasema wazi: sentensi hiyo ni uvivu. Tena ni uvivu unaolishwa na waandishi.

Kuna utanzu mmoja ambao wahakiki wetu hawaugusi: orodha ya "mambo ya kufanya" kwa mgeni wa mashindano. Zilikuwepo wakati wa CHAN ya Agosti 2025, na AFCON ya 2027 inavyokaribia zitamiminika. Zinafanana kama mapacha. Ufukwe, kisiwa, tembo, samaki wa kuchoma, machweo. Katika utanzu huu mahali panahesabiwa kuwa na kitu pale tu palipo na mtu wa kukukatia tiketi. Huna bahari wala tembo? Basi wewe ni uwanja na maegesho. Kwa kipimo hicho Ruangwa haina kitu, na Nachingwea, wilaya jirani ambayo unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, haipo kabisa duniani.

Haya, tuanze na hiyo isiyokuwepo.

Mwaka 1947, Uingereza ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, serikali yake ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika. Maeneo yalikuwa matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango wa awali ulitaja zaidi ya ekari milioni tatu. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ilijengwa bandari ya Mtwara, na reli ya kupandisha mitambo na kushusha mazao. Karanga zenyewe hazikuja. Mizizi ilivunja matrekta, mvua haikufuata ratiba ya London, na mwaka 1951 mradi ukazikwa, pauni zaidi ya milioni 35 zikiwa zimeteketea. Reli ilijikongoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ikang'olewa. Alan Wood alikuwa ameshaandika kitabu kizima kuhusu sakata hilo, The Groundnut Affair, kilichotoka 1950. Yaani msomaji wa London alikuwa akilijua jina la Nachingwea miaka zaidi ya sabini iliyopita, na leo shabiki wa kutoka Kariakoo anafika jirani yake anauliza kama kuna baa yenye skrini kubwa.

Na hiyo ni sura ya kwanza tu. Ardhi ileile iliyowashinda wakoloni ikaja kuwa kambi ya kuwang'oa wakoloni wengine. Katikati ya miaka ya 1960 FRELIMO walipewa Nachingwea kuwa kituo chao kikuu cha mafunzo ya kijeshi, na jina la Farm 17, shamba lenye namba kama kreti ya soda, likaingia kwenye historia ya ukombozi wa Afrika. Samora Machel aliishi na kufundisha wapiganaji pale. Mwaka 1967 wasichana 25 wa Msumbiji walianza mafunzo ya kijeshi Nachingwea, Josina, aliyekuja kuolewa na Machel, akiwemo. Juni 25, 1975 nchi yao ikawa huru.

Sitaki tuuze utukufu peke yake, maana historia ya kuuza mara nyingi huoshwa mpaka inafifia. Mei 1975, Nachingwea hiyohiyo, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alisimamishwa mbele ya umati asome ungamo la usaliti. Baadaye aliuawa Msumbiji bila kufikishwa mahakamani. Mahali palipobeba ushindi na aibu kwa pamoja ndipo mtu mzima anapaswa kusimama akatafakari. Eti hakuna cha kufanya!

Sasa Ruangwa. Siku ya mechi jirani wa uwanja anapata nini? Anauza maji, karanga na sigara, kisha mabasi yanaondoka. Mwaka 2021 Namungo walipofika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakapangwa na akina Raja Casablanca na Pyramids, mechi za nyumbani zilichezwa Dar. Wamorocco wakaja "kwa Namungo" bila kuiona Ruangwa. Wenye hoteli za Dar wakasema asante.

Lakini Ruangwa ina ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa, ambayo mtu wa Dar hajui hata inaliwaje. Ina ugali wa muhogo na kisamvu. Ina ufuta unaovunwa katikati ya mwaka, na korosho zinazoanza kuanguka msimu ukiwa bado mbichi, mwezi wa kumi. Nenda kwenye chama cha msingi kilicho chini ya RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, umsikilize mkulima akieleza bei ya mnada na makato yake. Utasikia uchambuzi kuliko ule wa redioni saa tatu asubuhi.

Najua jibu: "Nimelipa nauli kuangalia mpira, sikuja kufanya mtihani wa historia." Sawa. Ila shabiki huyohuyo akiifuata timu yake Cairo, picha ya kwanza kuituma ni ya piramidi. Hakuna anayemwambia amekwenda mtihani. Tofauti ni kwamba Wamisri wameweka kibao, njia na mtu wa kueleza.

Hapo ndipo lawama inapohama kutoka kwa shabiki. Halmashauri hizi mbili zina ratiba ya ligi mapema. Zinashindwa nini kupanga Noah mbili tatu za asubuhi ya mechi, kutoka Ruangwa hadi Nachingwea na kurudi kabla ya mpira, na kijana wa hukohuko aliyesoma historia akilipwa kuongoza? Klabu inashindwa nini kutangaza safari hiyo pamoja na viingilio? Haihitaji mfadhili wala warsha ya siku tatu yenye posho.

Na haisubiri. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 Nachingwea mwaka 1967, akiwauzia wapiganaji mihogo au akiwaona wakipita alfajiri, leo anakaribia 80. Kila msimu tunaoupoteza tukisema hakuna cha kufanya, mmoja wao anazikwa na simulizi yake. Hiyo haitarudiwa kwenye mechi ya marudiano.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, timu yako ikipangiwa Ruangwa, ondoka Dar siku moja kabla. Lala huko. Kula kwa mama ntilie, nunua korosho kwa aliyezipanda, nenda Nachingwea ukaulize Farm 17 iko wapi. Halafu rudi uwanjani ukafungwe au ufunge. Na ukishafika nyumbani, ukitaka kuandika kwamba hakuna cha kufanya, andika kwanza ulifanya nini.