Msaidizi wa Darasani: Nguzo Inayohitajika katika Elimu Jumuishi Tabora

Kila Aprili 2 Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Usonji Duniani. Kwa mzazi wa Nzega, Urambo au Tabora mjini, swali la msingi halibadiliki: mtoto akishaandikishwa shule, nani atakuwa karibu naye darasani?

Kisheria, mlango uko wazi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kupata elimu katika mfumo jumuishi. Hata hivyo, uwiano unaokusudiwa katika shule za msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Mtoto mwenye usonji anaweza kuelemewa na kelele au mabadiliko ya ghafla ya ratiba. Mwalimu aliye peke yake hawezi kumtuliza huku akiendelea na somo. Mtoto anaweza kubaki kwenye daftari la mahudhurio bila kujifunza.

Hapo ndipo anapohitajika msaidizi aliyefunzwa kutumia ratiba ya picha, kugawa maelekezo katika hatua fupi, kutambua mapema dalili za kuelemewa na kumwongoza mtoto ajitegemee.

Tabora, kituo kikuu cha misafara ya kale kati ya Bagamoyo na Ujiji, ina pa kuanzia. Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo (AMUCTA) kilichopo mjini humo huandaa walimu wa elimu maalumu. Utaalamu huo ukielekezwa pia kwa wasaidizi, haki iliyoandikwa katika sheria itaonekana darasani.