Hiyo Mashine ya Kuoshea Magari Iacheni kwa Magari

Idi ikikaribia, Mombasa huingia homa ya usafi. Pita Mji wa Kale, pita Majengo, utaisikia ile mashine ya kuoshea magari ikinguruma, ila haioshi gari, inaosha ukuta. Kijana mwenye mashine kapata kazi, mwenye nyumba kapata ukuta mweupe, na sisi wa kupiga video tumepata watazamaji. Maana hizo video za kabla na baada, mstari mweupe ukikata ukuta mweusi taratibu, aisee zinanoga. Naujua utamu wake. Na bado nasema tunajiharibia nyumba, tena kwa pesa zetu.

Tuanze na namba. Maji ya bomba la nyumbani hutoka kwa presha ya baa 2 hadi 4 hivi (baa ni kipimo, si pale pa pombe). Mashine nyingi za kuoshea magari hutoa baa 100 na zaidi. Imetengenezewa bati la gari lenye rangi ngumu ya kiwandani. Sasa wewe unaielekeza kwa plasta ya chokaa iliyopakwa enzi za babu yake babu yako. Kwani ukuta umekukosea nini?

Nyumba zetu za kale, hapa na Lamu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Matumbawe ni jiwe lenye vitundu kama sponji. Yanavuta maji na kuyatoa polepole, na chokaa iliyo juu yake inapumua vilevile. Ukipiga maji ya baa 100 pale, hayaishii juu. Yanaingia ndani kabisa, yanabeba chumvi iliyokuwa imelala kwenye jiwe, na ukuta unapokauka ile chumvi inasogea nje na kuganda chini ya plasta. Ikiganda inavimba, na plasta inabanduka. Na wengi wetu tunatumia maji gani? Ya kisima, yaliyo na chumvi yake tayari! Kuna nyumba moja jirani na kwetu ilioshwa namna hiyo ikang'aa kama yai. Wiki chache baadaye vipande vya plasta vikaanza kuanguka barazani, na fundi akaja kuziba kwa simiti, ambayo ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inafungia unyevu ndani. Mwenye nyumba ni bibi mjane. Nyumba ndiyo mali yake yote.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Ule weusi na ule ukijani si uchafu wa vumbi tu. Ni vitu hai, kuvu na mwani. Presha inakata kile kilicho juu, lakini kilichojificha vitunduni kinabaki, na wewe umeshakinywesha maji ya kutosha. Mvua za masika zikija, kinarudi. Ndiyo maana ukuta ulioshwa kwa nguvu unaoshwa tena mwakani, na mwaka ule mwingine, kila mara ukipoteza ngozi kidogo.

Kwa hivyo kinachotakiwa si nguvu. Ni dawa na subira. Kwa ukuta wa kisasa wa simiti uliopakwa rangi, chukua ile pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa shambani, ila iwe ya kazi hii tu. Kopo moja la Jik ya kawaida kwa makopo mawili au matatu ya maji, na sabuni ya maji kidogo ili mchanganyiko ung'ang'anie ukutani. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana, rangi nyingine hupauka. Fanya asubuhi kabla jua halijapiga ukuta, kwa sababu ikikaukia pale haifanyi kazi na inaacha madoa. Nyunyiza kutoka chini kwenda juu, ngoja dakika 10 au 15, kisha suuza kwa mpira wa maji wa kawaida kutoka juu kwenda chini. Mimea iliyo chini imwagilie maji kabla na baada. Vaa glavu na ufunike macho. Na tafadhali sana, usichanganye Jik na dawa ya choo au asidi yoyote, ile hewa inayotoka ni klorini, inaunguza mapafu. Kama maji ya paa lako yanaingia tangini, chomoa bomba la mfereji kwanza, usije ukanywa Jik.

Ukuta wa matumbawe usiupake Jik, itaacha chumvi yake. Asidi ndiyo kabisa, inayeyusha chokaa mbele ya macho yako. Hapo dawa ni ile ya wazee: ufagio wa chelewa au brashi isiyo ya waya, sugua ukuta ukiwa mkavu, maji kidogo ya bomba pakihitajika, uache ukauke vizuri, kisha paka chokaa mpya. Chokaa mbichi ni kali, kuvu haiipendi. Wazee wetu hawakuwa wanapaka chokaa kwa ajili ya weupe pekee, bana.

Kuna mahali naomba hata brashi msiipeleke. Zile nyumba za zamani zenye mapaa ya asbestosi bado zipo nchini, na nimeona mtu akitangaza kuyaosha kwa mashine. Hapana! Asbestosi ina nyuzi ndogo mno, presha inazitoa na kuzirusha hewani, majirani na watoto wanazivuta. Zinaleta saratani ya mapafu, na ugonjwa unaweza kuchukua miaka 20, 30 au zaidi kujitokeza. Paa hilo liacheni na kuvu wake mpaka waje wataalamu wa kuliondoa.

Najua nitaambiwa nawaharibia vijana riziki. Sivyo. Mashine inafaa kwa gari, inafaa kwa sakafu ya zege, na hata kwa kabro ukiishikia mbali kidogo usifukue mchanga wa katikati. Tena nikiri, kwa dakika moja inatumia maji machache kuliko mpira ulioachwa wazi, na Mombasa maji tunayajua yalivyo adimu. Lakini ndoo na brashi hutumia machache zaidi. Na kijana mwenye pampu ya mgongoni anaweza kuosha nyumba ileile bila jenereta wala mafuta, akatoza bei ileile, kwa sababu mteja analipia ukuta safi, halipii kelele.

Video nayo tutapata wapi? Pigeni siku mbili. Siku ya kwanza mnanyunyiza, hakuna linaloonekana, watu wanalalamika kwenye maoni. Siku ya pili mnarudi kuonyesha ukuta uliokauka, plasta yote ikiwa mahali pake. Mimi ya kwanza naipiga Jumamosi, kwa shangazi Majengo, nyumba ya simiti ya rangi ya krimu iliyogeuka kijani upande wa choo. Jik nishanunua, pampu naazima.