Mashauri kwa Jamaa: Moto Safarini



Katika nchi za Ulaya wako watu wanaokwenda matembezi pamoja na nyumba yao. Ndani ya motokari mna vitanda, meza na jiko la gazi. Wakifika mahali pazuri husimama, wakapika na kulala. Sisi tukisikia habari hizo twacheka, twasema: hayo ni mambo ya wenye fedha. Lakini tufikiri vema. Kamio inayotoka Bukavu kwenda Uvira, imechukua magunia, magodoro, mbuzi, bidoni za esanse, na watu thelathini walioketi juu ya vyote, je, si nyumba inayotembea? Watu hula juu yake, hunyonyesha watoto, husinzia. Na barabara ikiharibika hulala chini yake hata siku mbili. Mwenye nyumba ile ya Ulaya hushauriwa kufunga chupa ya gazi kabla ya kuondoka, tena kuweka mtungi wa kuzimia moto karibu na mlango. Sisi mara nyingi hatuna mtungi, wala hatukufundishwa neno.

Nitawasimulia niliyoyaona mwenyewe. Mwaka 2013 nilikuwa nashuka mteremko wa Ngomo juu ya kamio ya namna hiyo, pamoja na wanafunzi wangu wawili waliokuwa wakirudi kwao kwa likizo. Waijuao njia ile wanajua jinsi inavyojikunja ubavuni mwa mlima mpaka kufika bonde la Ruzizi. Shofere hukanyaga breki muda mrefu, na breki ikibanwa sana hupata joto kali. Joto hilo huingia katika mpira wa gurudumu, na mpira ukishika moto hauzimiki upesi. Tulipofika katikati ya mteremko, mama mmoja aliyeketi nyuma alipaza sauti:

«Baba shofere, kuna kitu kinaungua huku!»

Kijana msaidizi wa shofere akamjibu: «Mama, ni mbabula yako hiyo. Nilikuambia uyamwage makala.»

«Makala nimeyazima tangu Nyangezi, mwanangu. Njoo uone, moshi unatoka chini.»

Hivyo wakabishana, na kumbe gurudumu linazidi kuungua. Shofere, mtu mzima mwenye busara, hakungoja mwisho wa maneno yao. Akasimama mahali palipo na nafasi, akazima motere, akaamuru mawe yatiwe mbele ya magurudumu, akapiga kelele: «Shukeni wote! Acheni vitu!» Tukashuka, mama wakipokezana watoto. Mara ndimi za moto zikapanda kando ya ubao.

Ndipo mwanafunzi wangu mmoja akageuka mbio kurudi. Sanduku lake lilikuwa juu, na ndani yake cheti chake cha masomo na fedha ya shule. Shofere akamkamata shati kwa nyuma, akamwambia: «Mwana, baba yako alikutuma umpelekee sanduku, ama umpelekee wewe mwenyewe?» Kijana alilia kwa hasira. Dakika chache baadaye bidoni za esanse zikashika moto, na hakuna aliyeuliza tena habari ya sanduku. Tulijihesabu: hapana mtu aliyepungua. Mzigo wote uliteketea. Kijana yule alitembea miezi mingi katika ofisi kutafuta cheti kingine, lakini alitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Yanipasa kukiri kosa langu pia. Asubuhi ile niliziona bidoni zile zikipakiwa karibu na mbabula, nikanyamaza. Nilijiambia: kamio si yangu. Lakini roho zilizo juu yake, je, si za ndugu zangu?

Tujifunze sasa ni kitu gani kinachowaka. Esanse yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake. Mvuke huo hutoka wakati wote, hata usiku wa baridi, wala hauonekani kwa macho. Tena ni mzito kuliko hewa: hushuka, hutambaa chini, hujaza mashimo na mifereji, ukatafuta cheche mbali na bidoni ilipo. Kwa hiyo mtu aweza kusimama mbali, akawasha sigara, na moto ukamrudia kwa njia asiyoiona. Mazuti haitoi mvuke upesi namna hiyo, lakini ikimwagika juu ya chuma chenye joto kali huwaka vilevile.

Mambo hayo sisi watu wa Kivu tuliyajua kwa machozi. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, kamio iliyochukua mafuta ilipinduka kati ya nyumba za watu. Wengi walikuja kuyateka yaliyomwagika. Wengine walikuwa karibu tu, katika vyumba vya sinema, wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka, wakafa watu zaidi ya 230, na wengi wao wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Tarehe 10 Agosti 2019 mambo kama hayo yaliwapata jirani zetu wa Morogoro, Tanzania, nao walipoteza watu 100 hivi. Tusiwahukumu marehemu hao. Kwa maskini, bidoni moja ya mafuta ni chakula cha jamaa kwa siku nyingi. Lakini tuwafundishe watoto wetu: mafuta yaliyomwagika njiani si zawadi. Ukiyaona, kimbia, tena wakimbize wengine.

Basi, yatupasa kufanya nini?

Kabla ya kuondoka. Makala yamwagiwe maji mpaka yapoe kabisa. Usiyafunge katika kitambaa ukidhani yamekufa, kwani kaa la moto hukaa saa nyingi ndani ya majivu. Esanse isichukuliwe pamoja na watu. Na mtu akikataa kuishusha, heri kungoja kamio nyingine. Mtu asivute sigara juu ya mzigo. Mwenye kamio anunue mtungi wa kuzimia moto, aufunge mahali ambapo mkono waufikia upesi. Na shofere ashuke milima kwa gia ndogo, asitegemee breki peke yake, na asimame mara kwa mara ili zipoe.

Moto ukitokea. Shofere asimame, azime motere, azuie magurudumu. Watu washuke upande usio na magari yanayopita, watoto na wagonjwa kwanza. Waende mbali, hatua mia moja au zaidi, upande unakotoka upepo, na mahali palipoinuka, kwa maana mafuta hutiririka kwenda bondeni pamoja na moto wake. Kisha wahesabiwe. Moto ukiwa mdogo bado, shofere aweza kuupiga kwa mtungi, au kuufunika kwa mchanga. Moto wa motere usifunuliwe wazi, kwani ukipata hewa hukua. Na maji yasitupwe juu ya esanse inayowaka: esanse huelea juu ya maji, na moto husafiri nayo. Moto ukiwa mkubwa, mwacheni chuma aungue.

Mtu akiungua. Nguo zake zikiwaka, asikimbie. Alale chini, ajiviringishe, nanyi mfunikeni kwa blanketi. Kisha mwagieni maji safi ya baridi juu ya kidonda kwa dakika 20. Msipake mafuta, wala dawa ya meno, wala udongo. Nguo iliyogandamana na ngozi msiibandue. Funikeni kwa kitambaa safi, mkampeleke kwa mganga.

Na usiku, kama kamio imekwama njiani, msilale ndani ya turubai pamoja na mbabula yenye makala. Hewa yake mbaya haina harufu, nayo huua watu usingizini bila mwali wa moto.

Labda mtu atasema: «Mwalimu, sisi tuna Mtakatifu Kristofa, picha yake imebandikwa mbele ya shofere.» Ni vema. Mimi pia huomba kabla ya safari. Lakini tulifundishwa katika katekisimu kwamba busara ni fadhila, tena ya kwanza katika zile nne kubwa. Mtu anayepakia esanse karibu na moto, kisha akamwomba Mungu amlinde, hamtumaini Mungu, anamjaribu. Wahenga nao walisema: tahadhari kabla ya hatari.

Lipo neno moja lililo kubwa kuliko hayo yote. Katika safari, mara nyingi mtu huponyoka moto akiwa mzima, kisha huurudia kwa ajili ya godoro, cherehani au sanduku. Mkumbukeni mke wa Loti: alikuwa amekwisha kutoka mjini, miguu yake ilikuwa njiani, ila moyo wake ulibaki nyuma. Kwa hiyo nawashauri akina baba na akina mama: kabla ya kupanda kamio, agana na mzigo wako moyoni. Waambie watoto waziwazi: «Likitokea jambo, vitu vyote tunaviacha, twashikana mikono.» Barua na vyeti vifungwe katika mfuko mdogo uvaliwe mwilini, ili pasiwe na sababu ya kurudi. Hapo hutahitaji kuamua neno saa ya moshi na makelele, kwani umekwisha kuamua nyumbani.

Ninyi wanafunzi, someni mashauri haya kwa sauti mbele ya wazazi wenu wasiojua kusoma. Na siku mtakapoona bidoni karibu na mbabula, msinyamaze kama alivyonyamaza mwalimu wenu. Mtoto akisema kwa heshima, hata mkubwa husikia.

Safari njema, na Mungu awafikishe.

Mwalimu wenu