RANGI HAITIBU KUTU



Sisi wa Ushongo tunaishi na bahari. Upepo wa kusi na wa kaskazi hutuletea chumvi. Chumvi hukaa juu ya bati la gari. Ikipata maji, kutu huanza upesi.

Mwenye gari akiona kutu, humwita fundi. Humwambia, "Piga rangi gari zima. Nitalichukua kesho." Mimi sikubaliani na haraka hiyo. Rangi haitibu kutu, huificha tu. Chini yake kutu huendelea kula bati. Baadaye rangi huvimba na kubanduka, na fedha zimepotea. Tena sakafu ya gari ikioza, abiria wamo hatarini.

Wavuvi wetu wanajua jambo hili. Hakuna mvuvi anayepaka deheni chombo chenye ufa. Hukikwangua kwanza, hukiacha kikauke, hukitia kalafati. Deheni huja mwisho.

Gari nalo ni hivyo hivyo. Hatua zake ni hizi:

1. Osha gari kwa sabuni na maji baridi, hata chini ya madigadi. Acha likauke.

2. Kwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka bati ling'ae. Bati lililooza likatwe, lichomelewe jipya.

3. Jaza mabonde kwa puti. Piga msasa tena, pangusa vumbi.

4. Funika vioo, taa na matairi kwa magazeti.

5. Piga rangi ya kuzuia kutu. Ikikauka, piga rangi yenyewe, nyembamba, mara mbili au tatu. Usipige siku ya mvua au ya upepo.

Mvuke wa rangi na tina hudhuru mapafu, tena hushika moto. Fundi avae barakoa ya kazi hiyo. Kitambaa hakitoshi. Sigara iwe mbali.

Tusimlaumu fundi peke yake. Sisi ndio tunaomharakisha. Kwa maoni yangu, mwenye gari alikague kabla ya rangi ya juu. Baada ya hapo jicho halioni kitu.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Soma maandishi ya mkebe: tina kiasi gani, kungoja muda gani. Andika mapatano na fundi, umlipe hatua kwa hatua. Ukibadili rangi ya gari, waarifu TRA, maana rangi imeandikwa katika kadi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini rangi haitibu kutu?
2. Utaandika nini katika mapatano na fundi?