Daftari la Wiki: Rangi Zinazokutana Mlangoni

Mlango ukiwa wazi

Katika nyumba nyingi zinazojengwa leo katika miji ya Afrika Mashariki, chumba kikuu cha kulala, ambacho mafundi na madalali hukiita masta, hupakana na chumba cha watoto upande mmoja na bafu lake upande wa pili, na milango ya vyumba hivyo huachwa wazi sehemu kubwa ya mchana ili hewa ipite. Pamoja na hayo, rangi huchaguliwa dukani chumba kimoja kimoja, kutoka kwenye kadi yenye vipande visivyozidi upana wa vidole viwili, ilhali mkaaji akisimama kizingitini huuona ukuta wa chumba alichomo pamoja na kipande cha ukuta wa chumba kinachofuata. Upatanifu wa rangi za vyumba vinavyopakana huamuliwa hapo mlangoni, wala si kwenye kaunta ya duka.

Nyuzi nyeusi za Gobelins

Mwanakemia wa Ufaransa Michel Eugène Chevreul, aliyeteuliwa mwaka 1824 kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho zilikuwa hafifu zilipofumwa kando ya buluu na zambarau. Alipozilinganisha na nyuzi nyeusi za viwanda vingine hakuona upungufu wowote, akahitimisha kuwa uhafifu ule ulitokana na rangi za jirani, na mwaka 1839 akachapisha kitabu kuhusu kanuni hiyo, ambayo kwa ufupi inasema kwamba jicho linapotazama rangi mbili zilizopakana huzikuza tofauti zao, kila moja ikiisukuma mwenzake upande ulio kinyume nayo. Kwa hiyo ukuta wa kijivu unaotazamwa kutoka chumba cha rangi ya damu ya mzee huelekea kuwa na ukijani, na kijivu hichohicho kikitazamwa kutoka chumba cha kijani huonekana kimeingia wekundu kidogo. Mwenye nyumba anayemlaumu fundi kwa kuchanganya vibaya huenda anamtwika kosa la ukuta wa pili.

Sifa tatu, mbili zishikwe

Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa Boston nchini Marekani, alieleza mwaka 1905 kwamba kila rangi inaweza kutambulishwa kwa sifa tatu: aina yake, yaani kama ni nyekundu, ya manjano, ya kijani na kadhalika, kiwango cha weupe, yaani ilivyo karibu na nyeupe au nyeusi, na ukolevu, yaani umbali wake kutoka kijivu. Uchambuzi huo unawapa wenye nyumba njia nyepesi, kwani vyumba vikishikamana kwa sifa mbili vinaweza kuachana kwa sifa ya tatu bila kugombana. Masta ikipakwa kijani kilichofifia, chumba cha watoto kinaweza kupakwa samawati yenye weupe uleule na ukolevu uleule, na bafu likachukua kijani cha masta chenye weupe zaidi. Ugomvi huja pale rangi mbili zinapoachana kwa sifa zote tatu kwa mpigo, kwa mfano krimu hafifu inapokabiliana na zambarau iliyokolea.

Hata nyeupe haziko sawa. Ipo iliyotiwa tone la manjano na ipo iliyotiwa tone la buluu, na ingawa kila moja ikiwa peke yake huonekana safi, zikikutana kwenye fremu ya mlango mmoja ile ya manjano huonekana kama ukuta uliokaa muda mrefu bila kufutwa.

Kaskazini ya pwani

Miongozo mingi ya upambaji iliyoandikwa Ulaya huonya kwamba chumba chenye dirisha la kaskazini ni cha baridi, kwa kuwa jua haliingii humo moja kwa moja, na hivyo hushauri kipakwe rangi zinazoelekea manjano na nyekundu. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, haina kaskazini ya namna hiyo, kwa sababu kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na katika miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Tofauti kubwa ya nuru hapo ni ya mashariki na magharibi: chumba cha mashariki hupata jua asubuhi na kupoa kuanzia adhuhuri, hali cha magharibi hubeba jua la alasiri lenye umanjano, linalosogeza krimu kuelekea manjano kamili na kuififisha samawati. Vyumba viwili vya namna hiyo havitafanana hata vikipakwa kutoka ndoo moja, na ndiyo sababu kipande cha majaribio, chenye upana wa nusu mita hivi na kilichopigwa mikono miwili, hutazamwa asubuhi, alasiri na usiku kabla rangi yote haijanunuliwa.

Balbu mbili

Mwelekeo wa rangi ya mwanga wa balbu hupimwa kwa kelvini: balbu ya kelvini 2700 ina umanjano, na ya 6500 ni nyeupe yenye ubuluu. Masta yenye balbu ya kwanza na bafu lenye ya pili vitakuwa na rangi mbili kila usiku hata kama vimepakwa rangi moja, na kubadilisha balbu ni nafuu kuliko kurudia ukuta.

Chokaa ya Lamu

Nyumba za kale za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, zilikwisha kulijibu suala la vyumba vinavyofuatana. Upana wa vyumba ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, hivyo vyumba vikawa vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine, kuanzia kiwanda, yaani ua wa katikati usio na paa, kupitia misana, yaani kumbi za kukaa na kulala, hadi ndani, ambacho ni chumba cha faragha zaidi. Nuru nyingi huingia kutoka kiwandani na kupungua kadiri mtu anavyosonga mbele, na lipu nyeupe ya chokaa huirudisha kutoka ukuta hadi ukuta. Rangi ni moja, lakini vyumba havichoshi jicho, kwa kuwa kiasi cha nuru na vivuli vya zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, hukipa kila chumba weupe wake. Kwa bafu la leo lisilo na dirisha, funzo ni kwamba rangi ya masta ikirudiwa humo itatofautiana yenyewe.

Bafu litangulie

Ingawa mazoea huanza na masta, bafu ndilo linalostahili kuamuliwa kwanza, kwa kuwa vigae na sinki huuzwa kwa rangi chache na hukaa miaka mingi, ilhali rangi ya ukuta huchanganywa kwa mashine kwa namna nyingi mno. Kigae kikishanunuliwa, kipande chake hupelekwa dukani kikawekwa juu ya kadi ya rangi. Jambo la pili ni mng'ao, yaani kiasi ambacho ukuta mkavu huakisi mwanga: bafuni hutakiwa rangi yenye mng'ao ili mvuke na madoa vifutike, chumbani hutumika isiyong'aa, na mchanganyiko uleule huonekana umekolea zaidi kwenye ukuta unaong'aa. Tena kuta za chumba kidogo hurudishiana rangi yao na kuizidisha, kwa hiyo rangi ya bafu huchaguliwa iliyo hafifu kwa hatua moja kuliko ile iliyopendwa kwenye kadi.

Kingo za mlango

Mlango unaotenganisha rangi mbili una nyuso mbili na kingo mbili, na mafundi wazoefu hugawa kingo hizo kwa kanuni: ukingo wa kitasa hufuata rangi ya chumba ambamo mlango hufungukia, na ukingo wa bawaba hufuata chumba cha upande wa pili, kwa kuwa ndivyo kila ukingo unavyoonekana mlango ukiwa wazi. Uso unaotazama masta, mlango ukifungukia bafuni, hugeuka na kuonekana humo ndani, kwa hiyo rangi ya masta huingia bafuni itake isitake, na anayeogopa hesabu hiyo huipaka milango na fremu zote nyeupe moja. Milango ya mninga au mvule iliyopigwa vanishi haihitaji hata hilo, kwa sababu kahawia yake tayari ni rangi ya vyumba vyote vitatu, na ndiyo inayofaa kuhesabiwa ya kwanza kabla ya kadi ya rangi kufunguliwa.