Barua ya Ogwedhi: Mlango wa Kanisa Wasema Nini?



Katika kaunti zetu za Migori na Homa Bay, Wakristo wangali wakijenga makanisa kwa michango yao wenyewe, huyu akitoa fedha, yule akitoa kuku au gunia la mahindi. Kuta zikisha kusimama, kamati huulizana: mlango uwe wa mbao au wa chuma, na ni fundi gani mwenye bei nafuu? Ni mara chache mtu kuuliza mlango huo utasema nini. Ndilo neno nitakalo kulieleza juma hili.

Sisi Wajaluo twajua sana ya kuwa mlango husema. Boma likijengwa kwa kufuata desturi, lango lake, yaani rangach, hukabili nyumba ya mke mkubwa, na mgeni mwenye nia njema hupita hapo, hapenyi uani. Akisimama langoni tu, amekwisha jua heshima ya mji imekaa wapi.

Kanisa nalo ni mji wa baba. Katika Injili ya Yohana, Bwana Yesu alijifananisha na mlango wa kondoo. Basi mlango mkuu wa kanisa ni alama yake mwenyewe. Ndiyo sababu mafundi wa zamani huko Ulaya walichonga juu yake sura ya Kristo mwamuzi, na watakatifu kandokando, ili asiyejua kusoma asome kwa macho. Karibu na mlango huwekwa maji ya baraka: aingiaye huchovya kidole na kufanya ishara ya msalaba, akikumbuka ubatizo wake.

Tena tazama ni nani wasimamishwao hapo. Mtoto aletwaye kubatizwa hupokewa mlangoni, na wazazi huulizwa jina lake. Bwana na bibi arusi waweza kulakiwa hapo. Na jeneza la marehemu hupokewa hapo hapo, likanyunyizwa maji ya baraka.

Labda msomaji atasema, hizo sanamu ni mambo ya Wazungu. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza tarehe 4 Desemba 1963 ya kuwa Kanisa halikufanya mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake peke yake. Waliokwenda kuhiji Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni, wameona matunda ya neno hilo. Kanisa lile, lililowekwa wakfu mwaka 1975, lilichorwa na Mswisi Justus Dahinden kwa mfano wa nyumba ya jadi ya Waganda. Nguzo zake za shaba ni 22, sawa na hesabu ya mashahidi Wakatoliki wa Uganda waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Aingiaye hupita kati ya nguzo hizo, kana kwamba mashahidi wenyewe wamesimama kumpokea.

Papa Fransisko alizuru Namugongo tarehe 28 Novemba 2015. Kesho yake, huko Bangui katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, nchi iliyokuwa imeraruliwa na vita, alisukuma kwa mikono yake Mlango Mtakatifu wa kanisa kuu. Maana yake ilikuwa wazi: waliogombana waingie kwa njia moja, ya huruma.

Neno hilo latuhusu. Hapa Ogwedhi, karibu na mpaka wa Narok, Wajaluo, Wakuria na Wamasai hukutana sokoni, na siku za nyuma ng'ombe wametugombanisha. Mlango wa kanisa ni mahali ambapo wote hao hupita bila kuulizwa kabila.

Basi enyi wanakamati, kabla ya kumwita fundi, yafaa muwaulize wazee na Padre: ni alama gani itakayosomwa na watu wetu wote? Chuma ni kizuri kwa kuzuia wezi, lakini hata chuma chaweza kutiwa alama, na gharama yake si kubwa. Nanyi wazazi, Jumapili ijayo simameni kidogo mlangoni na mtoto, mkamweleze yale maji yaliwekwa hapo kwa nini.